Vidonge vya Kutu

Kidonge cha mwisho kilikuwa kimenasa chini ya chupa. Mama Cherehani aliigonga chupa kiganjani mara tatu, akaitikisa karibu na sikio, kisha akachomoa sindano kwenye ukosi wa gauni lake akakikong'oa. Kikatoka, chekundu, kinene kama harage. Akakiweka kando ya kikombe cha chai ya mume wake, akasimama hapohapo mikono kiunoni.

"Meza nikuone."

"Kwani mimi mtoto?"

"Ungekuwa mtoto ningekuwa na wa kumbembeleza. Meza."

Glavu akameza. Kwa miezi mitatu mwanamke huyu alikuwa amemlisha vidonge asubuhi na jioni bila kuruka hata siku moja, na kila chupa ilitoka kwenye sare za shule alizoshona mpaka macho yakamtoka maji. Chupa ya kwanza ilikuwa na vidonge sitini. Hii ya mwisho ilikuwa na arobaini na tano, bei imepanda, na mwuza dawa alipoulizwa alijibu eti hiyo ndiyo ya kisasa zaidi. Juu ya chupa kulikuwa na picha ya baba anayecheka, amemnyanyua mtoto juu ya kichwa chake. Picha haikupunguzwa.

Katika ua ule wa wapangaji sita, kila mwanamke aliitwa kwa jina la mwanawe. Yeye peke yake aliitwa kwa cherehani. Jina lilianza kama utani, likaganda, na sasa hata mwenye nyumba alilitumia kwa nia njema kabisa. Mwenyewe aliitika vizuri tu, tena kwa kicheko. Aliyeumia kila likitajwa ni Glavu, maana yeye alijua tatizo liko kwa nani na majirani hawakujua. Hata mama yake mzazi hakujua. Miaka miwili iliyopita mama huyo alipokuja kuuliza mambo waziwazi, Mama Cherehani alimtazama mkwewe usoni akasema, "Mama, tatizo ni langu," na Glavu, mwanamume mzima, akanyamaza akikagua kamba za viatu vyake. Aibu ya siku ile haikuwahi kumtoka.

"Leo hizo mbegu zikionekana zimepanda," mkewe alisema akifuta meza ambayo haikuwa na uchafu, "unampigia mama yako simu wewe mwenyewe. Kwa mdomo wako."

"Nitampigia."

"Apa."

"Naapa. Nimekula vidonge mpaka nikitembea vinagongana tumboni. Lazima zimepanda."

Mkewe akacheka kidogo, akamkabidhi kikopo cha plastiki chenye mfuniko, kile walichopewa maabara, kimefungwa ndani ya kitambaa kilichobaki kwenye sare. Alikuwa amekipiga pindo kitambaa kile, kana kwamba huko kinakokwenda watu wataangalia mshono.

Daktari wa miezi mitatu iliyopita ndiye aliyeanzisha yote haya. Alikuwa mtu mzima, msema kweli. Mwili nao huota kutu, aliwaambia, kama nondo iliyoachwa mvuani, na mbegu za mwanamume ndizo laini kuliko vyote. Vidonge hivi vya vitamini na madini vinapunguza kutu hiyo. "Wengine vinawasaidia, wengine haviwasaidii kitu. Siwezi kukuapia. Lakini joto, hilo nakuapia linaua. Unafanya kazi gani?" Glavu aliposema anachoma mikate, daktari aliweka kalamu chini. Akauliza mlango wa tanuri uko urefu gani. Glavu akasimama, akaonyesha kwa mkono. Ulikuwa usawa wa kiuno, chini kidogo. Daktari akasema Glavu akiendelea kusimama pale, hivyo vidonge itakuwa ni kutwanga maji kwenye kinu. Tangu siku hiyo nyumbani waliviita vidonge vya kutu, wakavicheka, na wakaviamini kwa moyo wote.

Suala la kuhama tanuri lilimpeleka kwa afisa utumishi. Kulikuwa na nafasi moja chumba cha kufungashia, penye feni na madirisha. Afisa utumishi alimsikiliza akijikwangua kucha kwa kisu cha kukatia karatasi, kisha akasema kila mtu ana ugonjwa wake siku hizi. Alitaka cheti cha maabara chenye mhuri, kinachoonyesha kwamba kuna kitu cha kuokoa. Orodha ya uhamisho ingefungwa leo, saa kumi jioni. Nyingine ingefunguliwa mwaka ujao, Mungu akipenda na mwenye kiwanda akipenda.

Kwa hiyo siku ilikuwa moja, ndiyo hii.

Kiwandani, saa mbili asubuhi, mambo yalikuwa yamekwisha kuharibika. Mchomaji wa tanuri la kwanza hakuonekana. Msimamizi alikuwa anazunguka na karatasi zake, shati limeloa mgongoni, akiuliza kila mtu swali ambalo hakutaka jibu lake.

"Bosi, unakumbuka nina ruhusa ya saa nne," Glavu alimwambia. "Saa moja tu. Hospitali hapo juu."

"Nakumbuka. Niliisaini mimi mwenyewe. Sasa hivi nataka mikate."

Redio, mkandaji, ambaye hakupewa jina hilo bure, alikuwa anatupia madonge ya kinyunga kwenye makopo huku mdomo ukienda kasi kuliko mikono. Tangu Jumatatu alikuwa na wimbo mmoja. Hamira ilipanda bei, mwenye kiwanda akaagiza ipunguzwe nusu, na ili kinyunga kisilale, joto la chumba cha kuumulia likapandishwa kutoka thelathini na sita hadi arobaini na nane.

"Zamani mkate ulikuwa unalelewa," Redio alisema. "Siku hizi unatishwa. Unaambiwa umuka, usipoumuka unakiona."

"Utauona ulivyo na mashimo ndani," Glavu aliitikia. "Juzi nilikata mmoja, nyumba ya mchwa. Chumba kile kimekuwa tanuri la tatu."

Aliyasema hayo yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, saa mbili na robo.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya mashine ya kukandia, kidogo, chenye mvuke, rafu za chuma ukutani kutoka sakafuni mpaka darini. Kila mgeni aliyeajiriwa pale alifundishwa somo moja kabla ya mengine yote, na Glavu ndiye aliyewafundisha wengi. Tia mkono kwapani. Sasa weka ukutani. Usipoona tofauti, ingiza kinyunga. Kwa miaka kumi na moja chumba kile ndicho kilichokuwa kipimo cha joto la mwili wa binadamu kwa watu wale, na hakuna aliyewahi kuhitaji kipimajoto.

Saa nne kasorobo aliingia bafu la wafanyakazi. Ilibidi iwe hapo. Hospitali ilikuwa na chumba cha kutolea sampuli, lakini kilijazwa viti vibovu tangu mwaka juzi na ufunguo haukujulikana uko kwa nani. Dada wa maabara alimwambia atolee nyumbani, ailete ndani ya saa moja, ikiwa na joto la mwili, isipoe. Kutoka nyumbani hadi hospitali ni saa moja na nusu, tena barabara ikiwa na huruma. Kutoka kiwandani ni dakika kumi na tano kwa miguu. Bafu halikuwa na komeo. Glavu aliegemeza ndoo ya maji mlangoni, akaiegemea ndoo kwa goti, na mtu alipogonga akauliza kama kuna mtu humo au kuna mzimu, alijibu kwa sauti ya mgonjwa. Yaliyobaki ni siri yake na ukuta. Alitoka jasho linamtiririka, kikopo kimebanwa kwapani ndani ya kitambaa chenye pindo, na moyoni ana furaha ya mtu aliyevuka mto.

Msimamizi alikuwa amesimama katikati ya njia.

"Wapi?"

"Saa nne, bosi. Ruhusa."

"Tanuri la kwanza halina mtu, la pili ndiyo hilo linaita. Toa hizo trei, ingiza nyingine, ndiyo uende."

"Bosi, ninachopeleka hakisubiri."

"Mkate ndio haujui kusubiri. Ukiungua nimwambie mwenye mali ulikuwa na miadi?"

Glavu alitazama saa ukutani. Alitazama tanuri. Kusimama mbele ya moto ule na kikopo kwapani ni kukikaanga. Kukiacha mezani ni kukipoza. Hakuwa na muda wa kufikiri, na mtu asiye na muda wa kufikiri hufanya analolijua. Miguu yake ikampeleka yenyewe nyuma ya mashine. Akafungua mlango wa chumba cha kuumulia, akapenyeza kikopo kwenye rafu ya kati, kati ya makopo mawili ya kinyunga, akakifunika kwa kitambaa kama anavyofunika mkate. Pale pangekitunza. Pale palikuwa joto la mwili.

Trei zilikuwa ishirini na nne. Alizitoa kwa kasi ambayo Redio alisema hajaiona tangu siku ya ukaguzi. Nyingine alizishika mikono mitupu, na hapo ndipo penye kituko cha jina lake. Glavu aliitwa Glavu kwa sababu glavu zake zilikaa mkandani siku zote, mikononi mara chache. Viganja vyake vilikuwa vigumu, vya njano, na moto ulivigusa kama unavyoligusa jiwe. Dakika thelathini na tano zilipita. Alitupa aproni, akachukua kikopo chake kwenye rafu, akakifumbata kiganjani, akakimbia.

Alifika maabara na dakika saba mkononi. Alihema, akatabasamu, akapitisha kikopo kwenye kidirisha. Dada wa maabara alikipokea na nusura akiangushe.

"Mbona ya moto hivi?"

"Si... joto la mwili?"

"Mwili wa nani, kaka?" Alikiweka mezani upesi, akapuliza vidole. "Ulikiweka wapi?"

Hapo ndipo namba ile ilipomrudia. Arobaini na nane. Alisikia sauti yake mwenyewe ya asubuhi ikimwambia Redio kuhusu tanuri la tatu. Alishika ukingo wa dirisha.

"Dada yangu," alisema, "naomba unipe kikopo kingine."

"Ili ufanye nini? Hapa sina chumba. Halafu ukitoa sasa hivi haipimiki vizuri, mpaka zipite siku tatu. Na nafasi ya kupima mara ya pili ni baada ya wiki sita, angalia foleni yenyewe." Alikuwa msichana mpole, hakuyasema kwa ubaya. "Daktari wako yupo semina mpaka mwisho wa mwezi. Nipime, nisipime? Nikiikataa nakuandikia imekataliwa."

Glavu alifikiria orodha na saa kumi. Akafikiria kwamba pengine, kati ya mbegu zote hizo, zimebaki chache zenye ubishi. Yeye mwenyewe amesimama mbele ya moto miaka kumi na moja na bado anapumua.

"Pima," alisema.

Alikaa benchini karibu saa mbili, ruhusa ikiwa imekwisha zamani. Dada alipotoka alikuwa ameshika karatasi kwa mikono miwili na hakumwita kwa sauti. Alikuja mwenyewe mpaka benchini.

"Mara ya kwanza ulikuwa na ngapi?"

"Nne. Milioni nne. Zinazotembea chache."

"Leo ni kumi na tisa." Akaonyesha kwa kidole. "Kumi na sita kwenda juu ndiyo kawaida. Sijui ni vidonge, sijui ni nini, lakini umepanda, kaka. Umevuka." Kidole kikashuka mstari wa chini yake na sauti ikashuka nacho. "Ila hakuna iliyo hai. Hata moja."

"Kwa sababu ya joto. Wewe umeona. Ilikuunguza mkono."

"Nimeona."

"Basi andika hivyo. Andika ililetwa ya moto."

"Maelezo anaandika daktari. Mimi nina namba na mhuri tu." Alitazama pembeni. "Nikiandika neno langu hapo nitaulizwa mimi ni nani."

Glavu aliipokea karatasi. Kwa dakika nzima aliitazama ile kumi na tisa, na jambo la ajabu ni kwamba alifurahi. Alifurahi kwelikweli, palepale benchini, kama mtu aliyeonyeshwa picha ya watoto wake. Kisha macho yakashuka mstari wa chini, akavaa kofia akaondoka.

Afisa utumishi alikuwa ofisini na makarani wake wawili. Alikisoma cheti mpaka kwenye mhuri, akakigeuza nyuma kuona kama kuna lolote, akakirudisha mezani.

"Hai, asilimia sifuri," alisoma kwa sauti. Makarani waliacha kuandika.

"Mkuu, soma na hiyo ya juu. Zimepanda."

"Nimeisoma. Nyingi, zote zimekufa." Alikuwa hana hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililokuwa baya. "Nilikuambia niletee karatasi inayoonyesha kuna kitu cha kuokoa. Mimi ninayo nafasi moja. Nikuhamishe nikalinde nini? Tanuri litaziua mara ngapi?"

"Hazikufa mwilini, mkuu. Zilikufa kwa joto la mahali nilipoiweka ile sampuli."

"Uliiweka wapi?"

Glavu alifungua mdomo. Akaliona swali lote, na jibu lake, na kinachofuata baada ya jibu. Rafu ya kati, chumba cha kuumulia, kati ya mikate ya watu. Juu ya kichwa cha afisa utumishi palibandikwa kanuni za usafi wa kiwanda, na ya kwanza iliandikwa kwa herufi nyekundu. Mtu alifukuzwa mwaka jana kwa kuacha sandali zake mle ndani.

"Mfukoni," alisema.

"Mfukoni." Afisa utumishi alivuta orodha, akapiga mstari kwa rula, mstari ulionyooka vizuri. "Basi pole sana, bwana. Hayo ni mambo ya Mungu."

Habari zilimtangulia kurudi kwenye tanuri. Alijua kwa sababu Redio alikuwa kimya. Mtu yule hakuwahi kunyamaza hata siku aliyozika shangazi yake, lakini sasa alikuwa anakata kinyunga macho chini, akimwachia Glavu njia kubwa kuliko inavyohitajika. Msimamizi naye hakuuliza habari ya ruhusa iliyogeuka saa tatu na ushee. Glavu angetoa mshahara wa wiki mtu amtanie.

Simu ilitetemeka mfukoni saa tisa na nusu. Alisogea kwenye bomba la maji, karibu na magunia matupu ya unga.

"Mbona hupigi?" Cherehani ilikuwa inanguruma nyuma ya sauti ya mkewe, kisha ikasimama. "Zimepanda?"

"Zimepanda."

"Ngapi?"

"Kumi na tisa."

Kigelegele kikamtoboa sikio. Alimsikia akiita watu uani, akicheka, akimwambia mtu ashike hiki kitambaa. Kisha akarudi, anahema. "Nilijua! Nilikuambia, vidonge vile vinafanya kazi! Kesho nachukua chupa nyingine, hata iwe na thelathini. Na kule kufungasha?"

"Orodha bado haijatoka," Glavu alisema.

"Itatoka. Mpigie mama sasa. Uliapa."

"Nitampigia."

"Mpigie sasa hivi, mume wangu, nami nisikie amesema nini."

"Tanuri linaita," alisema, na kwa hilo hakudanganya.

Alibaki na simu mkononi. Alitaka kumpigia tena amwambie mstari wa chini. Alitaka pia asimwambie kamwe. Hakuna aliyemkosea waziwazi siku ile. Kila mmoja alikuwa na mhuri wake, rula yake, mikate yake, na yeye ndiye aliyekitia kikopo chumbani kwa mkono wake mwenyewe. Alitafuta mtu wa kumkasirikia akakosa, na machozi yakamjia pale bombani bila kumwomba ruhusa.

Akanawa uso. Kisha akachukua gunia moja tupu la unga, akalitumbukiza kwenye ndoo mpaka likashiba maji, akalikunja mara mbili na kujifunga kiunoni, mbele, juu ya aproni. Maji yalimchuruzika hadi kwenye viatu.

"Hiyo nayo ni mitindo gani?" msimamizi aliuliza kutoka mbali.

Glavu alivuta mlango wa tanuri la pili, moto ukamjia mahali pake pa siku zote, usawa wa kiuno, chini kidogo, na gunia likaanza kufuka mvuke. Akatoa trei ya kwanza. Akatoa ya pili. Redio alikuja kimyakimya akaanza kuzipokea, ingawa haikuwa kazi yake.

Kwenye trei ya sita gunia lilikuwa limekauka. Akafunga mlango, akaenda bombani kulilowesha tena.